Bumu la Kaboni: Likatwe au Liuzwe?

Wiki tatu zilizopita nilizungumza katika kipindi hiki juu ya upepo wa kusi na wavuvi wanaokesha wakiusikiliza. Kipindi kilipokwisha, simu ya kwanza haikutoka kwa mvuvi. Ilitoka kwa mama mmoja wa Diani, kusini mwa Mombasa, anayekaanga mihogo karibu na ufuo. Akaniambia: "Ndugu mtangazaji, wewe wazungumza habari za kusi, na mimi kusi hiyo hiyo yanitia ugomvi nyumbani. Mwanangu ameachiwa na mgeni fimbo ya tanga. Kuna mtu ataka kuinunua, na fedha anazotaja ni kodi yangu ya nyumba ya miezi sita. Mwanangu hataki kuiuza. Ataka kuikata!"

Nilimwuliza fimbo ya namna gani. Akasema, "Nyeusi, nyepesi kama unyoya, na wote wasema ni ghali." Hapo nikaelewa, nikamwahidi kwamba nitafika. Jumamosi iliyofuata nikavuka kivuko cha Likoni.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu, hasa ndugu zetu walio mbali na bahari, nitaueleza kwanza. Mchezaji husimama juu ya ubao usiokuwa na usukani. Katikati ya ubao umepachikwa mlingoti mwembamba kwa kiungo kinachozunguka kila upande, na mlingoti huo umevikwa tanga. Hakuna kamba za kuushikilia mlingoti. Anayeushikilia ni mchezaji mwenyewe. Anashika wapi? Anashika kile ambacho vijana wa ufuoni hukiita bumu: mikono miwili iliyopinda, mmoja kila upande wa tanga, kama mabano mawili yanayotazamana. Mbele, mikono hukutana katika kichwa kinachobana mlingoti. Nyuma, hukutana katika mkia, ambako pembe ya nyuma ya tanga huvutwa kwa kamba mpaka likakaza. Mchezaji huvaa mkanda wenye ndoana kiunoni, akajining'iniza kwenye vitanzi vya kamba vilivyofungwa katika bumu hilo, uzito wake wote ukabebwa hapo. Kwa hiyo bumu ndio usukani, ndio breki, na ndio mahali pa kujishikilia.

Wazee wa Mji wa Kale wasinikasirikie kwa neno hili. Najua kwamba kwao bumu ni jahazi kubwa la Kuwait, la aina ile aliyosafiria Alan Villiers mwaka 1938 na 1939 hata akafika Zanzibar na delta ya Rufiji. Vijana wamelichukua neno lao kwa Waingereza, nao wamelizoea. Nitalitumia hivyo hivyo.

Mchezo wenyewe si wa kale. Jim Drake, mhandisi wa ndege, pamoja na Hoyle Schweitzer, waliomba hataza yake huko California mwaka 1968, ingawa mwaka 1985 mahakama ya Uingereza iliikataa hataza hiyo kwa sababu Mwingereza Peter Chilvers alikuwa amekwisha kuunda ubao wenye tanga mwaka 1958 alipokuwa mtoto. Mabumu ya mwanzo yalikuwa ya msaji. Yakaja ya alumini, kisha haya ya kaboni. Mwaka 1984, pale Los Angeles, mchezo ukaingizwa katika Olimpiki.

Nilimkuta kijana nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, bumu liko mapajani. Ana umri wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, kilo hamsini na nane tu. Hufundisha wageni mchezo huu kwa malipo ya kila saa. Asipoingia majini, hakuna malipo.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mama amekuita uje unizuie?"

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

Akanionyesha maandishi karibu na mkia wa bumu: 170–220. Maana yake ni kwamba mkia ukisukumwa ndani kabisa, bumu lina urefu wa sentimita 170. Ukivutwa mwisho wa vitundu vyake, lafika 220. Kisha akakunjua matanga yake matatu. Kila tanga limeandikwa urefu wa bumu linalolitaka. Tanga la mita za mraba 5.3 lataka 170. La 4.7 lataka 160. La 4.2, dogo kuliko yote, lataka 152. Bumu lake la zamani, la alumini, liliyatosha yote matatu, lakini limeliwa na chumvi na kupata ufa karibu na kichwa.

Sasa, ndugu msomaji, shida ilipo utaiona. Upepo unapozidi nguvu, tanga hupunguzwa. Manahodha wa majahazi walilijua hilo tangu zamani: tanga la jahazi halikunjwi nusu likabaki nusu, kubwa huteremshwa, likapandishwa dogo. Kijana mwepesi kama huyu, katika miezi ya kusi kali, Juni mpaka Agosti, siku nyingi hawezi kushika 5.3. Anahitaji 4.7, na siku nyingine 4.2. Mgeni aliyemwachia bumu alikuwa jitu la kilo tisini na matanga yake yalikuwa makubwa. Zawadi ilikuwa njema, lakini ilikuwa vazi la mtu mwingine.

Nikauliza swali la mjinga: mbona usiifunge kamba ndefu kidogo, tanga likaelea katikati? Akacheka, akanifungia tanga la 4.7 nikaona mwenyewe. Kati ya pembe ya tanga na mkia ilibaki nafasi ya sentimita kumi, imejaa kamba. Ukivuta, pembe yayumba juu na chini. Sentimita mbili tatu hazidhuru, alisema; kumi ni kama kuendesha baiskeli yenye usukani uliolegea. Isitoshe, kipande cha bumu kinachochomoza nyuma hugonga maji unapogeuza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Basi auze, anunue ndogo," akasema. Maneno yake yalikuwa na akili, na nitayarudia.

Tulimwita fundi. Huyu ni mtu wa makamo, alianza kwa kutengeneza mashua za plastiki ya nyuzi, na sasa wenye mbao za tanga humletea zilizovunjika. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuchukua msumeno uliokuwa karibu na kijana na kuukalia. Kisha akaomba ufito.

Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Watu hudhani kufupisha bumu ni kukata tu mwisho wa mikono, kama unavyokata bomba la maji. Kweli kinachokatwa ni mwisho wa nyuma. Mbele hapaguswi kamwe, kwani ndipo palipo na kichwa, na ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Lakini mkia nao una miguu yake miwili inayoingia ndani ya mikono. Ukikata mkono sentimita kumi, miguu ya mkia itaingia sentimita kumi zaidi kuelekea mbele. Je, huko ndani kuna nafasi? Bumu limepinda. Mguu ulionyooka hauingii katika mkono uliopinda, na mabomba mengine huwa membamba kwa ndani kadiri yanavyokwenda mbele. Ukikata bila kupima, waweza kubaki na bumu lililokatwa ambalo halikufupika hata kidogo.

Fundi akauchonga ufito hata ukawa na unene wa mguu wa mkia, akausukuma ndani ya mkono wa kulia mpaka ukakwama, akaweka alama. Mkono wa kushoto vivyo hivyo. Miguu ya mkia ilikuwa na urefu wa sentimita 65. Ufito uliingia 77. Kulikuwa na nafasi ya sentimita 12.

Akapiga hesabu juu ya mchanga kwa kidole. Mkia hauvutwi mpaka ukatoka wote. Lazima kipande kibaki ndani ya mkono, na katika bumu hili kilichobaki, likiwa limevutwa mwisho, kilikuwa sentimita 15. Kwa hiyo ukikata mikono sentimita 10, miguu itaingia bila kuguswa, na bumu litakuwa 160 mpaka 210. Tanga la 4.7 limepata. Ukikata 18 ili ulipate na la 4.2, miguu itagota, hivyo nayo ikatwe 6. Lakini sentimita 15 za kubaki ndani ni zile zile, hazipunguzwi. Bumu litakuwa 152 mpaka 196. Yaani kwa kupunguza kumi na nane upande wa chini, unapoteza ishirini na nne upande wa juu.

Kijana alisema hilo halimdhuru, tanga lake kubwa lataka 170 tu. Fundi akamjibu, "Mwanangu, leo. Kaskazi ikilegea mwezi wa Machi utataka tanga la sita na saba kama wenzako."

Akaongeza jambo la pili, zito zaidi. Akatuambia tutie kidole ndani ya mwisho wa mkono, kisha tupapase nje. Bomba la kaboni si chuma kilichomiminwa. Ni nyuzi, kila moja nyembamba mara kumi hivi kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ya epoksi. Mtengenezaji huzilaza kwa mpango: nyingi hufuata urefu wa bomba ili lisipinde, na nyingine huzungushwa kama mkanda ili lisipasuke. Mwisho wa mkono, ambapo mkia hukandamiza kutoka ndani, mara nyingi huongezwa tabaka za kuzunguka. Katika bumu hili unene huo ulisikika kwa kidole, na uliishia kama sentimita 12 kutoka mwisho. Ukikata 10, umebaki na ncha yake. Ukikata 18, umeondoa ngome yote, na mkia utakuwa unakandamiza ukuta mwembamba.

"Na alumini inapochoka," akasema fundi, "hujipinda kwanza, ukaona. Hii haikuarifu."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza ikivunjika baharini inakuwaje. Hakuna aliyetaka kujibu. Pwani yetu ina mwamba wa matumbawe mbele yake. Ndani yake maji ni ya kuogelea, nje ni bahari kuu. Kusi huvuma kwa mshazari kuelekea pwani, kwa hiyo bumu likikatika nje ya mwamba, mtu hapelekwi India. Hupelekwa kwenye mwamba wenyewe, palipo na mawimbi yanayovunjika, na kama maji yamekupwa, hutupwa juu ya matumbawe. Kanuni ni kutouacha ubao. Kijana alisema hayo yote kwa sauti ndogo, macho chini. Ilionekana wazi kwamba mama yake hakuwahi kuambiwa kuwa yeye hutoka nje ya mwamba.

Nisiwafiche, hapo mimi nilikuwa upande wa mama. Bumu zima lina mnunuzi, lililokatwa halina. Ukiuza, ukanunua fupi la alumini lililotumika, unabaki na chenji na msumeno hauguswi. Nilisema hivyo. Na nilisema hivyo kwa sababu niliwahi kukata kitu kisichorudi. Nilipoanza kazi ya redio, studio yetu bado ilikuwa na mashine za utepe, na mzee mmoja alinifundisha kukata sauti kwa wembe. Siku moja nilikata pumzi ya mzungumzaji nikidhani ni ukimya, na pamoja nayo nikakata neno "si". Mtu aliyesema "si kweli" akawa anasema "kweli". Utepe ulikuwa mmoja, kile kipande kilikwisha tupwa. Tangu siku ile naogopa kitu chochote chenye makali.

Kijana alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, alumini nimeitumia miaka minne. Ikishikwa na upepo mikono hufunguka, tanga hupoteza umbo, nami hubaki napigana nalo. Hii haifunguki. Jioni mikono yangu haiumi."

Naye alikuwa na haki yake. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini na ni kakamavu zaidi. Tena ufupi huongeza ukakamavu: nguzo iliyoshikwa miisho yote miwili, ukiifanya ndefu mara mbili, chini ya mzigo ule ule hupinda mara nane. Ukiipunguza sehemu moja ya kumi, kupinda kwake hupungua kwa karibu asilimia 27. Mikono ya bumu imepinda, hivyo hesabu hiyo si kamili kwake, lakini mwelekeo ni huo. Kwa mtu anayelipwa kwa saa za kusimama majini, maumivu ya mikono ni hesabu ya fedha.

Waliafikiana sentimita kumi, si zaidi. Mama ndiye aliyesema mwisho: "Kumi. Na nje ya mwamba usiende mpaka nimjue mtu anayekwenda nawe."

Kazi ilichukua siku mbili, na mwenye kufikiri ataiweza, ila asiwe na haraka. Kwanza mpira wa kushikia uliambuliwa na kurudishwa nyuma. Vifungio vya mkia, ambavyo ni pete za plastiki zilizogandishwa na ribiti mwisho wa mikono, vililegezwa kwa matambara yaliyochovywa maji yanayochemka baada ya ribiti kutolewa kwa keekee. Fundi hakutaka moto, kwani moto unaolegeza gundi ya pete hulegeza pia gundi ya bomba. Kisha utepe wa kunata ukazungushwa mahali pa kukata, ili nyuzi zisichanike, na juu yake akazungusha ukanda wa karatasi iliyonyooka: kingo za karatasi zikikutana sawasawa, mstari umenyooka. Alama ikapimwa kutoka kichwani, mkono wa kulia na wa kushoto, mara tatu. Zikitofautiana, mkia utaingia upande na kukwama.

Alilishika bumu katika jiliwa, limefunikwa gunia, bila kukaza sana. Kaboni huvumilia kuvutwa, lakini kuminywa huivunja ndani bila wewe kuona. Msumeno wa chuma wenye meno madogo, na kijana akimwagia maji kidogo kidogo. Maji hayo si ya kupoza tu. Vumbi la kaboni huwasha ngozi kama upupu, na halifai kabisa kuingia kifuani. Pia hupitisha umeme, hivyo usikate karibu na redio yako. Fundi alivaa barakoa na glavu, akawafukuza watoto wa jirani, na mwisho akafuta vumbi kwa tambara bichi. Mama alikuwa amekwisha kuleta ufagio. Alikatazwa.

Baada ya hapo msasa wa maji, kisha epoksi kwenye makali yaliyokatwa, maana nyuzi zilizo wazi hunywa maji ya chumvi. Akazungushia kila mwisho ukanda mwembamba wa kitambaa cha nyuzi chenye epoksi kufidia ngome iliyoondoka, akausugua hata pete ikaingia. Vitundu vya pini vilitobolewa huku ufito ule ule ukiwa ndani ya bomba, ili keekee isipasue ukuta inapotokeza, navyo vikapakwa epoksi. Bumu likalazwa siku nzima na usiku wake kabla ya kuguswa, na fundi akaamuru lisitiwe mzigo mzito kwa wiki moja.

Aliacha onyo moja ambalo watu wa pwani wanapaswa kulishika hata kama hawatakata chochote. Mkia wa bumu hili ni wa alumini, mikono ni ya kaboni. Vitu hivyo viwili vikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa upesi, na unga mweupe ukijaa ndani mkia hukwama usitoke tena. Kila jioni uchomolewe, usuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Nilirudi Diani Jumapili iliyopita, kusi ikivuma kiasi cha kupeperusha mikeka. Kijana alikuwa majini, ndani ya mwamba, na tanga la 4.7 likiwa limekaza, pembe yake imegusa mkia bila nafasi. Mama alikuwa kando ya karai lake la mihogo na kila mara akiinua shingo. Mnunuzi, aliniambia, alikwisha kurudi kwao bila kununua.

Nikamwuliza juu ya tanga la 4.2. Akaninyoshea kidole juu ya dari ya kibanda. Lilikuwa pale, limekunjwa ndani ya mfuko wake, na siku za upepo mkali kupita kiasi kijana humsaidia kumenya mihogo.